Kutoka Hospitali Sio Mwisho wa Tiba: Mtaalamu wa Fiziotherapia na Kazi Yake



Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani hupewa karatasi. Jamaa huitazama upande wa dawa: hii asubuhi na jioni, ile moja kabla ya kulala. Lakini mara nyingi chini kabisa kuna neno moja refu ambalo watu huliruka: fiziotherapia. Wengine hudhani ni dawa nyingine, wakaenda kuiulizia kwa chemisti. Wengine huambiwa, "Ni mazoezi tu," basi husema moyoni: kama ni mazoezi tu, ya nini kulipa nauli kutoka Magombo hadi Kisii mjini? Kwa hivyo mgonjwa analazwa chumba cha nyuma. Watu wanamletea uji, wanamwombea, wanarudi makwao. Miezi inapita.

Siku aliyotoka hospitali alikuwa na mkono na mguu uliolegea. Baada ya miezi sita bado ana ulegevu, lakini sasa kuna mengine zaidi: bega linalouma hata akiguswa, goti lililokunjika lisilokunjuka, na kidonda mgongoni. Hayo matatu hakutoka nayo hospitali. Ameyapata nyumbani, kwa kulala.

Makala hii inaeleza kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, ni wagonjwa gani anaowasaidia, na kile ambacho kikundi chenu kinaweza kufanya ili hasara ya namna hii isitokee kijijini. Someni pamoja katika mkutano, na maswali ya kujadili yako mwisho.

MTU HUYU NI NANI?

Fiziotherapia ni tiba ya mwendo. Dawa yake kubwa ni mazoezi yaliyochaguliwa kwa ajili ya ugonjwa wako, pamoja na mikono ya mtaalamu, joto au baridi, mashine ndogo za umeme mahali zilipo, fimbo, magongo, na mafundisho. Lengo ni mtu aweze tena kusogea, kufanya kazi na kujihudumia bila maumivu, au kwa maumivu kidogo.

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza walianzisha chama cha kwanza cha aina hii nchini mwao. Vita kuu na ugonjwa wa polio viliacha maelfu ya watu wenye viungo vilivyolemaa, na ndivyo taaluma ilivyokua. Hapa Kenya wataalamu wengi husomea katika chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, KMTC, na wengine katika vyuo vikuu. Tangu sheria ya mwaka 2014, kuna Baraza la Fiziotherapia linalowaandikisha na kuwapa leseni. Kwa hivyo mtu akifungua chumba sokoni akisema yeye ni fizio, mna haki ya kumwuliza, kwa heshima, leseni yake iko wapi.

Watu wengi humwita "daktari wa mazoezi". Si vibaya, ila tufahamu tofauti. Yeye hapasui mgonjwa. Wala si mchuaji. Kuchua ni sehemu ndogo tu ya kazi yake, na kuna ugonjwa ambao ukichuliwa unaharibika zaidi. Ana wenzake pia. Yuko mtaalamu wa tiba ya kazi, anayemfundisha mgonjwa tena kuvaa shati, kushika kijiko na kufunga vifungo. Yuko fundi wa viungo bandia, anayetengeneza miguu ya bandia na vishikizo vya miguu. Katika hospitali kubwa wote hawa hufanya kazi pamoja.

SIKU YA KWANZA HUFANYA NINI?

Watu hutarajia waanze kuvutwa viungo mara moja. Sivyo. Kwanza anauliza maswali: ulianza lini, unaumwa wapi, usiku inakuwaje, kazi yako ni gani, choo chako kiko mbali kiasi gani na nyumba, je, kuna ngazi au mteremko? Maswali haya si upekuzi. Mtu wa mlimani Nyamira na mtu wa tambarare hawahitaji mguu wa nguvu sawa.

Kisha anapima. Ana kifaa kama rula mbili zilizounganishwa kwa msumari, anakiweka kwenye goti au kiwiko kuona kinakunjika kwa kiasi gani. Anapima nguvu ya misuli kwa kukuambia usukume mkono wake. Anakutazama ukiketi, ukisimama, ukitembea.

Mwisho anauliza swali ambalo wengi hawalitarajii: "Wewe mwenyewe unataka uweze kufanya nini?" Mmoja atasema, "Nataka kwenda choo bila kubebwa na mke wa mwanangu." Mwingine atasema, "Nataka kurudi kuchuma chai." Hilo ndilo linaloandikwa kuwa lengo. Baada ya wiki kadhaa mnapima tena kuona kama mmesogea. Ikiwa hakuna kilichobadilika, mpango unabadilishwa.

Mfahamu pia kwamba nusu saa mbili kwa wiki hospitalini hazimponyi mtu. Kazi kubwa iko nyumbani, kila siku. Mtaalamu hufundisha, mgonjwa na jamaa hutenda. Ndiyo maana ni vizuri aende na mtu atakayekaa naye nyumbani, sio kijana wa bodaboda tu.

KIHARUSI

Ugonjwa unaowapeleka wazee wetu wengi kwa fizio ni kiharusi. Mshipa wa damu kichwani huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo hufa. Chanzo kikubwa ni presha ambayo haijatibiwa. Dalili huja ghafla: mdomo unakwenda upande, mkono au mguu wa upande mmoja unalegea, maneno yanavurugika. Mkiona hivyo msingoje asubuhi, wala msimpe uji au dawa ya kunywa, maana kumeza kunaweza kuwa kumeharibika akapaliwa. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa sababu huja ghafla, kiharusi hutafutiwa mkosaji. "Jana alikuwa shambani mzima, leo hasemi, kuna mkono wa mtu." Tunajua maneno hayo yamefikisha watu wetu wapi. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, akina mama wazee wanne waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Kikundi kinachojua kueleza kwa nini mtu hupooza upande mmoja, na kinachopima presha ya watu wake, kinazuia kiharusi, na pia kinaweza kuzuia damu isiyo na hatia isimwagike.

Sasa mzee amerudi nyumbani. Mazungumzo kati ya mke wake na fizio mara nyingi huwa hivi:

"Daktari, mkono huu umekufa kabisa."

"Haujafa, mama. Mkono wenyewe hauna shida. Ni ubongo uliopoteza njia ya kuufikia."

"Sasa haya mazoezi yatafufua ubongo?"

"Ile sehemu iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu za jirani zinaweza kujifunza kazi yake, mradi zifundishwe kila siku. Daraja la mto Gucha likivunjika, watu hufanyaje? Hutafuta njia nyingine. Siku ya kwanza ni kichaka tupu. Wakipita kila siku, inakuwa njia. Wasipopita, majani yanafunga."

"Na tungoje apate nguvu kwanza?"

"Hapana mama, msingoje."

Ni kweli. Sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi ya kwanza mitatu hadi sita. Baadaye pia mtu huendelea kupata nafuu, lakini polepole zaidi. Kwa hivyo ile tabia ya kusema "apumzike kwanza mpaka Krismasi" inamnyima mzee wakati wake bora.

Haya ndiyo mafundisho ambayo jamaa hupewa. Kila mgonjwa atapewa yake kwa kadiri ya hali yake, lakini haya ni ya jumla:

1. Mgeuze kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kama hawezi kujigeuza. Hiyo ndiyo kinga ya vidonda. Pangeni zamu.

2. Usimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea. Misuli iliyoshika bega imelala, na ukivuta, mfupa unatoka mahali pake. Maumivu mengi ya bega baada ya kiharusi huanzia hapo. Mshike kiunoni au nyuma ya bega.

3. Anapolala, mkono dhaifu uwekwe juu ya mto, usibaki chini ya mwili. Anapoketi, nyayo zote mbili zikanyage chini.

4. Akila, aketi wima. Asilishwe akiwa amelala chali.

5. Kila siku asogezwe viungo vyote vya upande dhaifu, taratibu, mpaka mwisho wa mwendo wake bila kulazimisha. Vidole, kifundo cha mkono, kiwiko, bega, nyonga, goti, kifundo cha mguu.

6. Aketi na kusimama. Tumia kiti kigumu kilichoegemea ukuta. Arudishe miguu nyuma kidogo, ainame mbele mpaka pua ipite magoti, ndipo ainuke. Mtu asimame upande ule dhaifu. Afanye mara kadhaa, apumzike, arudie. Zoezi hili dogo ndilo mlango wa kutembea, maana asiyeweza kusimama kutoka kitini hawezi kwenda choo.

7. Asifanyiwe kila kitu. Akiweza kujipangusa uso kwa mkono dhaifu, hata kama anachukua dakika kumi, mwache. Hapa ndipo akina mama na mabinti huumia moyo, wanaona kama ni kumtesa baba. Kumbe kumfanyia kila kitu ndiko kunakomfunga kitandani.

Na dawa za presha asiache hata kama anajisikia vizuri. Kiharusi cha pili hupenda kumfuata aliyeacha dawa.

MFUPA ULIOVUNJIKA

Siku hizi bodaboda zinatuvunja miguu zaidi ya miti ya parachichi. Baada ya plasta au vyuma, jamaa hufikiri kazi imekwisha. Lakini mguu uliofungwa wiki sita hadi nane hutoka mwembamba kama mti wa mahindi, na goti limekaza. Fizio huanza mapema, hata plasta ikiwa bado ipo: mgonjwa achezeshe vidole, akaze misuli ya paja bila kukunja goti, afundishwe kutumia magongo. Plasta ikitoka, anaongezewa uzito kidogo kidogo. Daktari ndiye anayesema lini akanyage. Msikisie.

Wagusii tuna historia ndefu ya waganga wa mifupa. Wazee wetu walijulikana mbali hata kwa upasuaji wa kichwa. Hatuwadharau. Lakini kuna hatari moja ambayo lazima isemwe wazi. Mbao zikifungwa kwa kubana sana, au hata plasta ya hospitali ikibana, damu haipiti. Dalili zake ni hizi: maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua, vidole kuwa baridi, kubadilika rangi, kuvimba, kufa ganzi, au kushindwa kuvichezesha. Hapo hakuna kungoja kesho. Ilegezwe na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Misuli ikikosa damu kwa saa chache tu huanza kufa, na mtoto aliyevunjika mkono kwa kuanguka mtini anaweza kubaki na vidole vilivyojikunja maisha yote, au akakatwa mkono.

Vivyo hivyo kwa walioungua. Mtoto aliyemwagikiwa uji moto au kuanguka motoni hukunja kiungo kwa sababu hivyo hakiumi. Ngozi mpya ikiota hivyo, hubana, na kidevu kinashikana na kifua au kiwiko kinabaki kimekunjika. Fizio hukinyoosha kiungo mapema, akikifunga kikiwa kimenyooka na kumchezesha mtoto kila siku. Mtoto atalia. Mzazi anayemhurumia na kuacha atakuja kumlilia baadaye.

WATOTO

Hapa tunaomba tusome polepole.

Kuna mtoto anayezaliwa na miguu iliyopinda kuelekea ndani. Si laana, na mama hakukosa kitu. Inatibika, na tiba si ya kupasua sana. Njia inayotumika leo karibu kila mahali iliasisiwa na daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mkono na kutiwa plasta, ambayo hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Mara nyingi mshipa wa kisigino hukatwa kidogo ili mguu ushuke. Halafu mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa na chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka afike miaka minne au mitano. Tiba ianze katika wiki za kwanza za maisha ikiwezekana. Wazazi wengi huharibu mwishoni: wakiona mguu umenyooka, wanatupa vile viatu, na mguu unarudi ulikotoka.

Kuna mtoto mwingine ambaye mkono mmoja hausogei tangu kuzaliwa, kwa sababu mishipa ya fahamu ya shingoni ilivutika wakati wa kuzaliwa kwa shida. Wengi wao hupona kwa kuchezeshwa mkono vizuri, lakini mama lazima aonyeshwe namna.

Na kuna mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Ubongo wake uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Labda alikosa hewa, labda alikuwa na manjano kali, labda alipata homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Mwili wake hukakamaa au hulegea. Hili halitoki kabisa. Fizio mkweli hatamwahidi mama kwamba mtoto atapona. Lakini kuna tofauti kubwa sana kati ya mtoto aliyefundishwa kukaa, kushika kikombe na kusogea, na mtoto aliyelazwa chali miaka kumi nyuma ya mlango uliofungwa. Huyo wa pili miguu yake hukazana kama mkasi, mgongo unapinda, na kumwosha tu inakuwa mateso kwake na kwa mama.

Mafundisho ya nyumbani ni mepesi. Asibebwe kama mtoto mchanga siku zote, bali akae nyongani kwa mama, miguu ikiwa imetawanyika. Awekwe kwenye kiti cha pembe, kilichotengenezwa kwa mbao mbili zinazokutana kama kona ya nyumba, ili mgongo ushikwe na mikono iwe huru kucheza. Alazwe kifudifudi juu ya mto wakati yuko macho, ainue kichwa. Azungumzwe naye.

Mama, baba, nyanya, tazameni dalili hizi mapema. Mtoto asiyeshika shingo akiwa na miezi minne, asiyekaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, au asiyetembea akiwa na mwaka mmoja na nusu, apelekwe kliniki aonwe. Mkiambiwa ni mchelewaji tu, sawa, mtarudi nyumbani na amani.

Na tuseme lililo gumu. Mama wa mtoto kama huyu mara nyingi hubaki peke yake. Baba huenda, jamaa hunong'ona, na mama huacha kuja kwenye kikundi kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Ikiwa mwanachama wenu ameacha kuja na mchango wake umesimama, kabla ya kumtoza faini mtembeleeni. Huenda ni hilo.

MGONGO WA MCHUMA CHAI

Asubuhi kwenye mashamba ya chai ya Kebirigo, Nyansiongo au Ogembo utaona watu wameinama mpaka saa za kupeleka majani kituoni, kisha wanabeba mzigo kupanda mlima. Wengine ni ndizi kichwani mpaka barabara kuu. Huko Tabaka, wachongaji wa mawe ya sabuni huketi chini siku nzima shingo zimeinama. Mgongo na shingo lazima ziseme.

Zamani mwenye mgongo aliambiwa alale juu ya ubao wiki mbili. Leo imejulikana kwamba kulala sana hudhoofisha misuli na kuchelewesha nafuu. Maumivu mengi ya mgongo hupungua katika wiki chache ikiwa mtu ataendelea kusogea kwa kiasi. Fizio hufundisha mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, na kubadilisha jinsi ya kufanya kazi. Kwa mfano, nyoosha mgongo nyuma kila baada ya mistari michache ya chai. Chuchumaa kwa magoti unapoinua mzigo, na uuweke karibu na kifua. Gawa mkungu mkubwa safari mbili. Mzigo wa mkono mmoja uhamishe upande. Na jembe la mpini mfupi si lazima liwe urithi.

Lakini kuna maumivu ya mgongo yasiyongoja mazoezi. Miguu ikilegea, ukishindwa kushika mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, ukiwa na homa ya usiku na kukonda, au ukiwa umeanguka kutoka juu, nenda hospitali kwanza. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo au mishipa ya fahamu imebanwa. Ikitibiwa mapema mtu anaokoka, ikichelewa anapooza.

FIMBO, MAGONGO NA VIFAA VYA KIJIJINI

Vifaa vingi seremala wenu anaweza kuvitengeneza baada ya fizio kuonyesha vipimo.

Fimbo: urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama wima mikono ikining'inia. Chini ipigiliwe kipande cha tairi kuukuu isiteleze kwenye udongo wetu mwekundu wakati wa mvua. Ishikwe mkono wa upande wenye nguvu, sio upande unaouma. Watu wengi hukosea hapa.

Magongo: yasiguse kwapa. Pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Uzito uwe mikononi. Anayening'inia kwa makwapa huua mishipa ya fahamu ya mikono.

Milima: wakati wa kupanda, mguu wenye nguvu utangulie, kisha mguu dhaifu na fimbo. Wakati wa kuteremka, fimbo na mguu dhaifu vitangulie. Wafundisheni hata watoto, kwa maana ndio wanaomsindikiza babu.

Nguzo mbili za mikaratusi zilizolazwa juu ya miti iliyosimikwa uani, zikifika usawa wa nyonga, zinatosha kumfundisha mtu kutembea katikati yake. Kamba iliyopitishwa juu ya boriti ya nyumba humsaidia mtu kuinua bega lililokaza kwa mkono wake mzima. Lakini kwa aliyepata kiharusi msiitumie mpaka fizio aseme.

WAPI NA KWA PESA GANI?

Huduma hii iko katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, na katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Hospitali ya misheni ya Tabaka imehudumia watu wa kusini mwa Kisii kwa miaka mingi, na hospitali ndogo za kaunti pia ziulizwe. Kabla ya kusafiri, tafuteni kujua siku za kliniki, na mwende na ile karatasi ya hospitali.

Tangu Oktoba 2024, ile bima ya NHIF ilikwisha na mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kujiandikisha ni kwa simu, *147#, au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya wa kijiji. Ulizeni hospitali mapema ni sehemu gani ya fiziotherapia inayolipiwa, ili msije mkashangaa dirishani. Mtu mwenye ulemavu wa kudumu aandikishwe pia na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kuandikishwa ndiko kunakofungua mlango wa kuomba vifaa kama baiskeli ya magurudumu. Chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, nacho kinajulikana nchini kwa kutengeneza vifaa hivyo na kuwahudumia walemavu.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Vikundi vyetu vinajua kuchanga kwa ajili ya matanga. Kuchangia mtu asimame ni rahisi zaidi, na anayesimama hurudi kuchanga na wenzake.

Anzeni na hesabu. Ni watu wangapi katika kijiji chenu wamelala ndani? Msiulize kwa sauti kanisani. Waulizeni mhamasishaji wa afya, wazee wa kijiji na wakunga. Kisha chagueni mgonjwa mmoja wa kuanza naye. Tengeni nauli ya safari chache za kwanza kutoka kwenye mfuko wa kikundi, mweka hazina aandike. Wanachama wawili waende naye wakajifunze mazoezi kwa macho na mikono yao. Kisha pangeni zamu, nusu saa kila siku, ili mke au mama mwenye mgonjwa apate kuoga, kwenda sokoni au kulala. Kila mwezi andikeni katika daftari: mwezi uliopita aliketi dakika tano, mwezi huu amesimama. Daftari hilo mkimpelekea fizio litamsaidia sana.

Katika Injili ya Marko kuna habari ya mtu aliyepooza huko Kapernaumu. Hatuambiwi jina lake, wala majina ya wale wanne waliombeba. Tunaambiwa tu kwamba watu walijaa mlangoni, nao wakapanda juu wakafungua paa wakamteremsha. Bwana aliiona imani yao wote. Kwa watu wa vikundi, habari hii inatuhusu sana. Paa letu siku hizi ni nauli, ni aibu, ni uvumi wa uchawi, ni kutojua neno moja lililoandikwa chini ya karatasi. Watu wanne wakishikana wanaweza kulifungua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kuna mtu kijijini mwetu aliyetoka hospitali akabaki kitandani? Aliambiwa nini, na ni nini kilichomzuia kurudi?

2. Tukisikia mtu amepooza ghafla, watu wetu husema nini kwanza? Sisi tutajibu nini?

3. Kuna mtoto yeyote aliyefichwa? Nani kati yetu ana uhusiano mwema na mama yake, aende kumsalimu?

4. Katika mfuko wetu, tunaweza kutenga kiasi gani kwa nauli ya mgonjwa mmoja kwa miezi mitatu?

5. Nani atapima presha za wanachama wote kabla ya mkutano ujao?